Tunawajua Samaki, Watoto Wao Je?

Mtu anayetaka kujua iwapo ukoo fulani utadumu kijijini haanzi kwa kuwahesabu wazee walioketi chini ya mti. Hutazama watoto. Lakini kwa upande wa samaki tumezoea kufanya kinyume cha hayo. Picha zilizomo vitabuni ni za samaki mzima, mizani ya sokoni hupima samaki mzima, na mtihani wa taifa humtaka mwanafunzi achore matamvua ya samaki mzima. Yai lake na mtoto wake aliyeanguliwa jana havina nafasi darasani. Kwa samaki walio tele pengine upungufu huo hauna madhara makubwa. Kwa samaki adimu, madhara yake yaweza kuwa kwamba samaki huyo anatoweka mbele ya macho yetu nasi tungali tunasema yupo.

Nimefundisha baiolojia mjini Nakuru kwa miaka kadhaa, na hoja ninayoileta leo mbele ya walimu wenzangu na wanafunzi ni hii: samaki ambaye hatuwezi kumtambua mtoto wake, hatuna haki ya kudai kwamba tunamhifadhi. Na sisi wa Bonde la Ufa tunaye samaki wa namna hiyo mlangoni petu, katika Ziwa Nakuru.

Kabla ya kuendelea, neno moja kuhusu lugha. Ukitafuta kamusini jina la mtoto wa samaki aliyetoka yaini, ambaye bado amebeba kifuko cha kiini tumboni na hajafanana na wazazi wake, huenda ukapewa “buu”, neno ambalo sisi sote tunalijua kwa nzi na nyama iliyooza. “Kiluwiluwi” ni cha chura. Wafugaji wa samaki wamekwisha kutatua shida hiyo bila kungoja wataalamu wa lugha: wao husema “kifaranga”. Nami nitawafuata wao.

Ugumu wa kumtambua samaki kwa yai lake haukuanzia kwetu. Mfano ulio maarufu kuliko yote unatoka katika bahari yetu ya Hindi, nao ni wa silikanti, ambaye Wangazija humwita gombesa. Wataalamu walikuwa wanamjua kwa visukuku tu, wakiamini kwamba nasaba yake ilikwisha zamani pamoja na madinosau. Mnamo Desemba 1938 meli ya uvuvi ikamnasa mmoja karibu na East London, Afrika Kusini. Bi Marjorie Courtenay-Latimer, aliyekuwa akisimamia jumba dogo la makumbusho la mji huo, alimtenga na samaki wengine, na Profesa J.L.B. Smith akamtambua. Samaki wa pili hakupatikana hadi 1952, katika kisiwa cha Anjouan huko Komoro. Dunia nzima ilishangilia. Hata hivyo swali dogo likabaki bila jibu: je, samaki huyu huzaliwaje?

Lilikuwa swali la haki, maana mtu asiyejua jinsi samaki anavyozaa hajui atafute nini wala wapi. Kama silikanti hutaga, basi mayai yake yamo mahali fulani baharini na vifaranga wake huelea pamoja na vifaranga wengine. Mwaka wa 1927, yaani kabla ya silikanti aliye hai kuonekana, Mwingereza D.M.S. Watson alikuwa ameeleza kisukuku cha jamaa ya silikanti chenye mifupa ya samaki wadogo tumboni. Wapo waliosema hao ni watoto wake. Wengine wakasema ni chakula chake. Kisha mnamo 1972 alipatikana jike mwenye mayai 19, kila moja kubwa kama chungwa, yasiyo na ganda gumu. Yai la ukubwa huo ni ajabu kwa samaki. Wengi wakakata shauri kwamba silikanti hutaga.

Mwaka wa 1975 wataalamu wa Jumba la Makumbusho ya Viumbe la Marekani, mjini New York, walimpasua jike aliyekuwa amehifadhiwa kwao. Ndani yake walikuta watoto watano walioumbika kamili, kila mmoja na urefu wa takriban sentimita 30, wangali wamebeba vifuko vyao vya kiini. Silikanti hatagi, mayai yale huanguliwa tumboni, na mama huzaa watoto walio tayari kuogelea. La kutia fikira zaidi, ndugu msomaji, ni kwamba jike yule alikuwa amevuliwa Anjouan tangu 1962. Kwa miaka 13 jibu lilikuwa limelala katika dawa, rafuni, huku wataalamu wakibishana kwa karatasi.

Tangu hapo habari zimeongezeka. Mwaka wa 1991 jike mwingine alinaswa karibu na pwani ya Msumbiji akiwa na watoto 26. Mwaka wa 2001 silikanti alivuliwa karibu na Malindi, wa kwanza kujulikana katika maji ya Kenya. Na kuanzia 2003 wavuvi wa Tanzania wakaanza kuwapata, hasa eneo la Tanga, ambako serikali ilitangaza hifadhi ya bahari kwa ajili yao mnamo 2009. Utafiti uliotolewa mwaka wa 2021, uliosoma alama zilizomo katika magamba kama mtu anavyosoma miduara ya mti, ulikadiria kwamba mama hubeba mimba kwa muda wa miaka mitano hivi. Fikiri basi maana ya kumvua jike mmoja tu. Ungali tukiamini kwamba hutaga mayai mengi yanayoelea baharini, tungejifariji kwamba yuko wa kumrithi.

Kisa cha mkunga nacho chafaa kutajwa, ingawa kwa ufupi. Mwaka wa 1856 Mjerumani Johann Kaup alimpa jina la kisayansi kisamaki cha baharini, chembamba kama jani, kinachopenya mwanga kama kioo. Kilikuwa samaki wa aina yake, au ndivyo ilivyodhaniwa. Miaka 40 baadaye Waitalia Grassi na Calandruccio walionyesha kwamba “samaki” huyo ni kifaranga wa mkunga wa mitoni, baada ya kumtazama akigeuka umbo. Mtoto na mzazi walikuwa wameandikwa katika daftari kama watu wasiojuana. Mikunga ya jinsi hiyo hupanda mito yetu inayomwaga maji yake katika Bahari ya Hindi, kama vile Tana na Athi. Huku kwetu bondeni haifiki, kwa kuwa mito yetu haiendi baharini, huishia maziwani.

Mwanafunzi atauliza: basi hutambuliwaje? Zipo njia tatu, na ya kwanza ndiyo ya zamani na ya kuaminika zaidi. Unachukua mayai, unayaangua katika maji unayoyatunza, na kila siku unatoa kifaranga mmoja na kumhifadhi, hadi waliobaki wakue na wajitambulishe wenyewe. Kisha unawapanga wale uliowahifadhi kuanzia wa mwisho ukirudi nyuma hadi yai. Ni kazi ya subira, na haina njia ya mkato. Njia ya pili ni ya jicho na hadubini: kipenyo cha yai, idadi ya matone ya mafuta ndani yake, mahali yalipo madoa meusi ya rangi, na zaidi ya yote hesabu ya pingili za misuli ubavuni mwa kifaranga. Pingili hizo hulingana na idadi ya pingili za uti wa mgongo wa samaki mzima, kwa hiyo ni kama alama ya ukoo ambayo mtoto huzaliwa nayo. Njia ya tatu ni kusoma DNA. Tangu mwaka wa 2003, Paul Hebert na wenzake huko Kanada walipopendekeza kwamba kipande kimoja cha DNA kitumike kama kitambulisho cha kila kiumbe, yai moja laweza kutajwa jina pasipo kuanguliwa. Sharti ni kwamba kitambulisho cha wazazi kiwe kimekwisha kuwekwa katika kumbukumbu. Mashine haimjui asiyesajiliwa.

Sasa turudi Nakuru. Ziwa letu si bahari, ijapokuwa chemchemi mojawapo inayolilisha yaitwa Baharini, na wageni wengi huonja maji yake wakidhani watakuta chumvi ya Mombasa. Chumvi ya huku ni magadi, yaleyale ambayo mama zetu hutia katika maharagwe yalainike. Samaki wa kawaida hawezi kuishi katika maji ya magadi makali. Mmoja aweza. Ni perege mdogo ambaye Boulenger wa Jumba la Makumbusho la Uingereza alimweleza mwaka wa 1912 kutoka Ziwa Magadi. Leo wataalamu humwita Alcolapia grahami. Huko kwao Magadi huishi pembezoni, katika vidimbwi vya chemchemi za moto ambavyo joto lake hufikia nyuzi 40, na kipimo cha pH hukaribia 10. Samaki wengine hutoa uchafu wa mwilini kwa njia ya amonia kupitia matamvuani. Katika maji ya namna ile amonia haitoki. Perege wa Magadi hugeuza uchafu wake wote kuwa urea, kama tufanyavyo wewe na mimi. Jambo hilo lilitangazwa mwaka wa 1989, nalo liliwashangaza wanafiziolojia wa dunia nzima. Sioni kwa nini mwanafunzi wa Kenya amalize shule bila kulisikia.

Yafaa nikiri kwamba hapa Nakuru samaki huyu ni mgeni. Aliletwa kutoka Magadi katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ili ale viluwiluwi vya mbu, na baadaye akafika Elmenteita pia. Alistawi mno. Wanandege wakubwa wanaokula samaki wakamfuata, na tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 mwari weupe wamekuwa wakizaliana katika visiwa vya mawe vya Elmenteita na kuruka hadi Nakuru kutafuta kitoweo. Hivyo ziwa lililosifika kwa heroe tu likapata mlolongo mwingine wa uhai, na mlolongo huo wote unaning’inia kwenye samaki mmoja usiyeweza kumjaza kiganjani. Kwao Magadi ametajwa kuwa miongoni mwa viumbe walio hatarini, kwa sababu makao yake ni machache na yako mahali pamoja. Nakuru ni kama akiba yake. Mtu haipuuzi akiba eti kwa kuwa iliwekwa ugenini.

Namna yake ya kulea ndiyo iliyonifanya niandike makala haya. Dume huchimba kishimo chini ya maji. Jike hutaga humo, kisha huyaokota mayai na kuyaweka kinywani. Huko huanguliwa, na vifaranga hukaa humo mpaka watakapoweza kujitafutia. Mama anayelea kinywani hutaga mayai machache, lakini kila moja ni kubwa na limejaa kiini. Mwenzake asiyelea kinywani, kama perege wa Zilli aliyeletwa Naivasha mnamo 1956, hutaga maelfu ya mayai madogo yanayonata juu ya mawe, na wazazi wote wawili huyalinda. Tofauti hii ina uzito hata katika kuwapa samaki majina. Dakta Ethelwynn Trewavas wa London, katika kitabu chake cha mwaka wa 1983, aliwagawa perege wa Afrika kwa kuzingatia sana jinsi wanavyowatunza watoto wao. Ndiyo kusema kwamba malezi yaliingia katika ukoo.

Kwa mtafiti, samaki anayelea kinywani ni neema. Yai linaloelea baharini ni barua isiyo na anwani. Yai lililomo kinywani mwa mama limekuja na cheti chake cha kuzaliwa. Nasema hivyo nikijua kwamba hata cheti chaweza kughushiwa. Katika Ziwa Tanganyika yupo kambare mdogo, ngogo mwenye madoadoa, ambaye hupenyeza mayai yake miongoni mwa mayai ya samaki wanaolea kinywani wakati wanapotaga. Mama mwema huyaokota yote pamoja. Vifaranga wa ngogo huanguliwa mapema, nao hula watoto halali mmoja mmoja humo humo kinywani. Mjapani Tetsu Sato aliieleza habari hiyo mwaka wa 1986. Huku kwetu hatuna ngogo wa tabia hiyo, nashukuru.

Tuna tatizo jingine. Tangu mwaka wa 2010 hivi maziwa ya Bonde la Ufa yamefura. Ziwa Nakuru, ambalo katikati ya miaka ya 1990 lilikaribia kukauka, limepanuka hata likameza lango kuu la hifadhi na majengo yaliyokuwa karibu nalo. Maji mengi ya mito na mvua yamezimua magadi. Pale ambapo magadi yalikuwa ukuta, sasa pana mlango wazi, na perege wa maji baridi, akiwemo yule wa Nile anayefugwa mabwawani, wameingia. Hapana ajabu katika hilo. Tangu mpango wa serikali wa mwaka wa 2009 wa kuchimba mabwawa ya samaki nchini kote, vifaranga wa perege wa Nile wamesambazwa kila mahali, na mafuriko hayaulizi mpaka wa shamba.

Perege wa Nile aliyekomaa hutambulika kwa mistari ya wima mkiani. Kifaranga wake aliyetoka kinywani mwa mama hana mistari hiyo. Naye, kama yule wa Magadi, hulelewa kinywani. Tia vifaranga wa namna zote mbili katika sahani moja, uwape wanafunzi bora wa kidato cha nne, uone kama kuna atakayewatenga. Mtu akisimama kando ya mto na kuona maelfu ya vifaranga wakichezacheza kwenye kina kifupi, atarudi nyumbani akisema samaki wa Nakuru wamezaliana vizuri mwaka huu. Kumbe aliyezaliana ni mgeni.

Wala hofu yangu haikutoka hewani. Naivasha, mwendo wa saa moja na zaidi kidogo kutoka hapa, ina historia ambayo yafaa kila mwanafunzi wa mkoa huu wa zamani wa Bonde la Ufa aijue. Mwaka wa 1925 waliletwa humo perege weusi kutoka mito ya upande wa mashariki. Mwaka wa 1956 wakaletwa perege wengine, wenye madoa meupe. Aina hizo mbili zikaanza kuoana. Machotara wakapatikana, watafiti wakawaeleza, na kufikia mwanzo wa miaka ya 1970 perege mweusi halisi hakuwepo tena ziwani. Hakufa kwa sumu wala kwa nyavu. Aliyeyushwa, kizazi baada ya kizazi, katika damu ya mwenzake. Wavuvi waliendelea kuvua, na mabeseni sokoni yalijaa. Nani angelia?

Kisha kuna yule wa asili hasa wa Naivasha, kisamaki kidogo cha jicho linalong’aa, ambacho ndicho pekee kilichokuwa cha ziwa lile kabla ya Wazungu kuleta samaki wao wa kuvua kwa burudani. Kilionekana mara ya mwisho mwaka wa 1962. Mwaka huohuo, kumbuka, ndipo jike wa silikanti mwenye watoto watano alipovuliwa Komoro.

Wapo watakaoniambia kwamba hii ni kazi ya taasisi ya utafiti wa bahari na samaki, KMFRI, na ya wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Egerton pale Njoro. Sipingi. Lakini mtafiti huja kwa msimu, hupata fedha za miaka miwili, huondoka. Shule iko palepale muhula baada ya muhula. Jambo ninalopendekeza halihitaji mashine. Shule zilizo na jirani mfugaji wa samaki, na Rongai, Subukia na Njoro hawakosekani, zianze na perege wa Nile: jike mmoja anayelea, na watoto aliowabeba kinywani, wahifadhiwe pamoja katika chupa moja. Wiki ifuatayo jike mwingine, mwenye vifaranga waliokua zaidi. Katika mwaka mmoja darasa litakuwa na mfululizo kamili wa samaki mmoja, kutoka yai hadi kidole, na mkono wa mtoto atakayeuchora kila hatua utamjua daima. Itumike spiriti safi badala ya fomalini, kwa sababu fomalini huharibu DNA, na huenda siku moja mtaalamu akataka kuisoma.

Yule wa Magadi ni wa hatua ya pili, na kwake yahitajika adabu. Ziwa Nakuru ni hifadhi ya taifa. Hakuna anayeruhusiwa kutoa humo hata kifaranga mmoja bila kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Viboko nao hawasomi vibali. Kwa hiyo walimu wakuu waandike barua kwa pamoja, shule nne au tano, waombe kwenda na askari wa hifadhi na mtaalamu mmoja, mara mbili kwa mwaka, kabla ya mvua za masika na baada yake. Majike wachache tu wanaolea wachukuliwe kila safari, kutoka kwenye mlango wa Mto Njoro na kutoka chemchemi ya Baharini, ambapo maji hayafanani. Mfululizo wao ukiwekwa kando ya ule wa perege wa Nile ndipo tutakapoweza kuhesabu pingili na madoa, na kusema kwa yakini huyu ni nani.

Kuhusu chupa, nina sharti moja ambalo silipunguzi. Karatasi iandikwe kwa penseli, kwa kuwa wino huyeyuka katika spiriti, na iwekwe ndani ya chupa wala isibandikwe nje. Iwe na mahali, tarehe, jina la aliyemkamata, na maneno mawili: mama, watoto.